Kupamba na kuigiza mitaani, Mji Mkongwe

Kuta msizipake rangi, wanangu. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Rangi ya plastiki huzuia unyevu usitoke, na lipu hubanduka. Mimi huchora kwenye kitambaa cha marekani, yaani pamba isiyotiwa rangi, kisha nakitoboa matundu upepo wa bahari upite. Mwombeni mwenye nyumba ruhusa, ndipo mfunge kamba ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, dirisha hadi dirisha, juu kuliko mzigo wa mchukuzi.

Beni, ngoma ya mitaani ya tarumbeta, ianze baada ya alasiri, jua likipungua. Vichochoroni wapigaji wapite wawili wawili, tarumbeta mbele, ngoma nyuma. Adhana ikilia, nyamazeni kabisa. Mchezo wa kuigiza uwekeni penye baraza pana: wachezaji juu, watoto chini, njia ibaki wazi.