Sauti za usiku porini: mambo ya kuzingatia kabla ya kulala hemani

Mtu akishtushwa na sauti usiku wa manane, mkono hukimbilia zipu ya hema. Hatari huanzia hapo. Kwa hiyo zifahamu sauti mapema, jua likiwa bado juu.

Mkifika kambini nchini Uganda, iwe Mweya kwenye hifadhi ya Queen Elizabeth au Rwonyo kando ya Ziwa Mburo, mwulizeni askari wa wanyamapori ni wanyama gani hupita hapo usiku, na hupitia wapi. Kubalianeni pia namna ya kumwita, na mjaribu simu palepale kama mtandao unashika.

Kwenye misitu ya Rwenzori, yowe kali linalorudiwarudiwa na kuzidi kupanda ni la perere, mnyama mdogo anayekula majani juu ya miti. Huyo mwacheni apige kelele zake. Ngurumo ya simba husafiri hata kilomita 8, hivyo ukali wake haumaanishi yuko mlangoni. Chui hukoroma kama msumeno unaopasua ubao. Watoto waelezeni haya yote kabla ya kulala, maana hofu yao ndiyo huwatoa wazazi nje.

Wa kumwogopa kweli ni kiboko, na yeye hana makelele akiwa malishoni. Mchana utamsikia akiguna majini. Usiku hutoka kula majani, na akifika karibu na hema utasikia nyasi zikikatwa na pumzi nzito, basi. Mwili wake hupita kilo 1,000, na mtu akimziba njia ya kurudi majini humshambulia. Kabla ya kusimika hema, kagueni ukingo kukiwa bado na mwanga: njia yake ni mfereji uliokanyagwa, na kinyesi kimetapakaa vichakani, kwa kuwa hukirusha kwa mkia. Msilale kwenye njia hiyo, wala kati ya maji na malisho yake.

Chooni nendeni kabla ya giza, na kila hema liwe na kopo lenye kifuniko. Chakula chote kilale garini, hasa matunda. Tembo huyanusa kutoka mbali. Gari liegeshwe karibu na hema, na funguo ziwekwe mahali ambapo kila mtu mzima anaweza kuzishika gizani bila kuuliza.