Namna ya Kupima Teknolojia Kabla ya Kuiingiza Darasani

Shule nyingi huanzia mwisho: vifaa hununuliwa kwanza, ndipo walimu huulizwa watavitumiaje. Peru iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta mpakato kwa wanafunzi, na tathmini iliyotolewa mwaka 2012 haikuona dalili kwamba alama zao za hisabati na lugha zilipanda.

Anza na somo lenyewe. Mwombe kila mwalimu ataje mada moja inayowakwamisha wanafunzi kila mwaka na aeleze wanakwamia wapi hasa. Akisema kwamba hawaelewi kwa nini mwezi huonekana ukibadilika umbo, basi una swali ambalo skrini inaweza kusaidia kulijibu, kwa kuwa picha inayozunguka huonyesha mwendo ambao mchoro wa ubaoni hauwezi kuuonyesha. Hata hivyo, mpira na taa katika chumba chenye giza hufanya kazi hiyohiyo kwa gharama ndogo mno. Kwa hiyo kishindanishe kifaa na njia bora ambayo mwalimu anayo tayari, wala si na darasa lisilo na chochote.

Wengi hutumia kielelezo cha Ruben Puentedura, mtaalamu wa teknolojia ya elimu, kinachotofautisha kifaa kinachochukua tu nafasi ya kile cha zamani na kile kinachowezesha kazi ambayo awali haikuwezekana. Kinafaa kwa mjadala, ila kisigeuzwe ngazi ambayo kila mwalimu lazima aipande, kwani mwanafunzi mwenye uoni hafifu hunufaika sana na kishikwambi kinachokuza maandishi ya kitabu kilekile.

Kisha piga hesabu ya umeme na mtandao. Vishikwambi 40 vinavyochajiwa pamoja, kila kimoja kwa wati 10, huhitaji wati 400. Na wanafunzi 40 wakifungua video kwa wakati mmoja, kila mmoja akitumia megabiti 1 kwa sekunde, mtandao wa megabiti 10 utakwama. Mahali ambapo intaneti haiaminiki, programu kama Kolibri huhifadhi masomo katika kompyuta moja ya shuleni na kuyasambaza kwa vifaa vingine bila intaneti. Amua pia mapema nani atatengeneza kifaa kikiharibika, na taarifa za wanafunzi zitahifadhiwa wapi.

Usisambaze vifaa shule nzima kwa mkupuo. Chagua madarasa mawili yanayokaribiana kwa uwezo, moja litumie kifaa kwa wiki sita na lingine liendelee kama kawaida, kisha kaa nyuma ya darasa la majaribio ukiwa na saa na daftari. Andika dakika zinazopotea katika kuwasha vifaa na kutafuta nywila zilizosahaulika, kwa sababu dakika 12 zikipotea katika kipindi cha dakika 40, somo limebaki na dakika 28. Mpe mwalimu muda wa kujifunza kifaa kabla ya jaribio, la sivyo utakuwa unapima ugeni wake.

Wiki mbili baada ya jaribio kumalizika, yape madarasa yote mawili mtihani mmoja wa karatasi, vifaa vikiwa vimefungiwa kabatini. Alama zikilingana, mwulize mwalimu kama kazi yake ya kuandaa na kusahihisha ilipungua. Akisema haikupungua, ahirisha ununuzi.