Andiko la ruzuku kwa madarasa ya kisomo: kadi ya upimaji kwanza, bajeti baadaye

Mwongozo huu ni wa asasi ndogo ya Tanzania Bara, iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002, inayoomba ruzuku ya mwaka mmoja kuwafundisha watu wazima kusoma, kuandika na kuhesabu. Maandiko mengi ya aina hii hayaangushwi na lugha. Huangushwa na hesabu.

Hatua ya 1: Nyaraka. Cheti, katiba, risiti ya ada ya mwaka, hesabu zilizokaguliwa, na muhtasari wa kikao cha bodi kilichoridhia ombi. Jina la akaunti ya benki lifanane na la cheti herufi kwa herufi.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kuandika. Takwimu za taifa hazimwambii mfadhili lolote kuhusu kata yako. Anza kwa Afisa Elimu ya Watu Wazima wa halmashauri: omba takwimu za kata na barua ya utambulisho, kisha nenda vijijini ukapime watu kama 40.

Usimuulize mtu "Unajua kusoma?" Wengi watajibu ndiyo, maana mtu mzima huona haya. Mkalishe peke yake, mbali na majirani, umpe kadi yenye ngazi tano: herufi, silabi, maneno, sentensi, aya. Dakika tano zinatosha. Andika ngazi ya juu aliyoiweza, basi. Aya isitoke kwenye kitabu cha darasa la kwanza, kwa kuwa wapo walioikariri tangu utotoni. Maelekezo ya mfuko wa mbolea yanafaa zaidi. Tunza kadi hiyo, kwani ndiyo utakayopimia tena mwisho wa mradi. Ukibadilisha kadi katikati, huna cha kulinganisha.

Hatua ya 3: Panga ratiba kwa kufuata shamba. Mfano: vituo 6, wanakisomo 25 kila kituo, saa mbili kwa siku, siku tatu kwa wiki, miezi 9. Ukihesabu wiki nne kila mwezi, hiyo ni takriban saa 216 kwa kila mtu, kwenye karatasi. Msimu wa kupanda na wa kuvuna madarasa hubaki na watu wanane, hivyo andika wazi wiki utakazofunga. Mfadhili anayeona ratiba isiyo na msimu wa kilimo anajua imeandikiwa mjini.

Hatua ya 4: Bajeti. Kila mstari uonyeshe kizio, idadi na bei. "Posho za wawezeshaji 4,320,000" haitoshi; andika: wawezeshaji 6 × miezi 9 × shilingi 80,000 = 4,320,000.

Kisha kokotoa gharama kwa aliyemaliza, wala si kwa aliyejiandikisha. Bajeti ya milioni 24 kwa watu 150 ni shilingi 160,000 kwa kila mmoja, inapendeza. Lakini theluthi moja wakiacha, wanabaki 100 na gharama inakuwa 240,000. Weka namba zote mbili wewe mwenyewe, kabla mtathmini hajaipiga ya pili. Na usisahau taa: darasa la saa kumi na mbili jioni lisilo na mstari wa taa ni darasa la kwenye karatasi.

Hatua ya 5: Ushahidi. Daftari la mahudhurio liwe na safu ya saini, na kituo kiwe na wino wa dole gumba. Mwezi wa kwanza kurasa zitajaa madole. Kadiri wanavyojifunza, dole la Mama fulani linageuka kuwa herufi zilizopinda, kisha jina kamili. Piga picha kurasa hizo kila mwezi. Hakuna kiashiria kinachosomeka haraka kuliko hicho. Posho nazo: ujumbe wa simu wa kutuma pesa peke yake haumtoshi mkaguzi. Ambatisha orodha ya malipo iliyosainiwa.

Hatua ya 6: Mkataba. Kwa kanuni za 2018 za Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, ruzuku inayozidi shilingi milioni 20 hulazimu mkataba uwasilishwe Hazina na kwa Msajili wa mashirika hayo ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Milioni 24 ya mfano wetu imo. Siku hizo huliwa na kumsubiri mwenyekiti aliyesafiri, kwa hiyo barua ya kuambatisha iandaliwe na isainiwe siku ile ile ya mkataba.