Madeni yamejaa nyumbani? Yaandikeni yote kwanza, halafu ndiyo mbadili matumizi

Mwongozo huu ni kwa familia ambayo hela inaingia, kidogo kidogo lakini inaingia, ila haikai. Jioni afisa mikopo ameshapita kuchukua rejesho, ukipita mbele ya duka la Mangi unainamisha uso, simu inaleta meseji ya deni kila asubuhi, na mkiwa ndani hakuna anayetaka kuligusa hilo jambo. Naandika kwa mazingira ya Dar na miji mingine ya Tanzania, maana ndiko nakojua watu wanavyokopa na wanavyolipa.

Kwa ninavyoona mimi deni la nyumbani linakua zaidi kwa kufichwa kuliko kwa riba. Mama kachukua kausha damu (mkopo wa riba kubwa unaorejeshwa kila siku) baba hajui, baba kaweka bondi kadi ya benki kwa mtu mama hajui, kila mmoja anakopa kimyakimya ili kuziba deni lake na wote wanakula kwenye hela ileile ya nyumba, sasa hapo hata mkipata milioni leo itapotea, kwa sababu hakuna anayejua matundu yako mangapi. Kwa hiyo hatua ya kwanza siyo kubana matumizi, ni kuandika.

Kaeni chini usiku mmoja

Chagueni siku ambayo hakuna rejesho kesho yake, watoto wamelala, mmeshakula. Anayeanzisha mazungumzo atoe ya kwake kwanza, hii ni muhimu sana, usimwite mwenzako kama unamwita kituoni. Sema tu, "Mama watoto, mimi nina madeni matatu mawili huyajui, nataka tuyaandike yote leo, na wewe uniambie yako, sitauliza hela ilienda wapi." Na kweli usiulize. Swali la ilienda wapi litakuja wiki ijayo, mkiliuliza usiku huo mtu atataja nusu na nusu nyingine ataificha tena, mtakuwa mmefanya kazi bure.

Chukueni daftari la shule la kawaida. Kila deni liandikwe: tunadaiwa na nani, kiasi kilichobaki (siyo mlichokopa), linalipwa lini, na nani atasumbuliwa tusipolipa. Hiyo ya mwisho watu huwa wanaisahau, wakati deni lenye mdhamini au la kikundi linamuangukia jirani yako na siyo wewe peke yako.

Tuchukue mfano wa nyumba ambayo baba anaendesha bodaboda ya mkataba na mama ana genge. Kausha damu imebaki 380,000, kikoba 300,000, kodi ya miezi 2 ni 200,000, ada ya chekechea 150,000, shangazi 100,000, Mangi 87,000, mchango wa harusi uliyoahidi 50,000, mkopo wa kwenye simu 46,000. Jumla 1,313,000. Itatisha ukiiona kwa mara ya kwanza, ni kawaida, lakini angalia sasa kinachotokea kila siku. Baba akishatoa hesabu ya bosi na mafuta anabaki na 15,000, mama kwenye genge anapata faida 10,000, hiyo ni 25,000. Rejesho la kausha damu ni 20,000 kwa siku. Nyumba nzima inaishi kwa 5,000, haitoshi, basi wanakopa unga na mafuta kwa Mangi, ikikwama wanakopa kwenye simu, na ile 5,000 ya kesho inakatwa kabla haijafika mkononi. Sasa hao watu hata hawana matumizi mabaya jamani, hapo kilichowamaliza ni ratiba ya rejesho. Ndiyo maana nasema andika kwanza, maana bila daftari baba atamlaumu mama kuhusu saluni na mama atamlaumu baba kuhusu bia na wote watakuwa wamekosea.

Ijue riba yenyewe

Hii kausha damu wanakwambia riba asilimia 20, unachukua laki tano unarudisha laki sita kwa siku 30. Lakini ujue laki tano hukukaa nayo mwezi, kesho yake tu umeanza kurudisha, siku ya 15 nusu imeshatoka. Kwa wastani hela yao uliyokaa nayo ni kama laki mbili na nusu, na juu ya hiyo umelipa laki nzima, yaani karibu asilimia 40 kwa mwezi, na hapo sijaweka hela ya fomu wanayoikata kabla hawajakupa. Wakati Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa hao wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Kwa laki tano hiyo ni 17,500 kwa mwezi. Piga hesabu hiyo kabla hujasaini popote tena.

Omba kuona leseni ya Benki Kuu, omba nakala ya mkataba, na kila rejesho lipewe risiti au ulipe kwa simu ili meseji ibaki. Nimeona watu wakilipa mkononi na afisa anatia tiki kwenye kadi yake yeye, siku afisa akihama tiki zinapotea. Usikubali.

Na zile programu za mikopo kwenye simu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni. Kama uliyonayo imo, au inatuma meseji kwa ndugu na bosi wako kwamba wewe unadaiwa, usikae na aibu. Piga picha za hizo meseji utunze. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na kuna Tume yake ya kupokea malalamiko. Haya hayafuti deni ulilokopa, ila mtu hana ruhusa ya kukudhalilisha kwa sababu unadaiwa. Vilevile wakija kubeba friji na godoro kwa nguvu bila karatasi ya mahakama, muiteni mjumbe na muende serikali ya mtaa siku hiyohiyo, msisubiri kesho.

Nani alipwe kwanza

Watu wengi husema anza na deni dogo upate moyo. Mimi sikubaliani nalo kwa nyumba zetu. Anza na lile linalokula chakula cha kila siku, kwa mfano wetu ni kausha damu. Nenda mwenyewe ofisini kabla hujakosa rejesho, asubuhi, siyo jioni wakati afisa anakusanya na ana hesabu ya kufikisha. Mwambie, "Nimebakiza 380,000, siwezi 20,000 kwa siku lakini 10,000 naweza kila siku bila kukosa, ni siku 38, naomba tuandikishane na bila kuongeza riba." Wengine watakataa. Wengine watakubali kwa sababu mteja anayekuja mwenyewe ni nadra, wamezoea kukimbiwa. Wakikubali iandikwe.

Wakikataa, tazameni ndani kuna nini cha kuuza. Sabufa, tivii ya pili, cherehani isiyotumika. Ukiuza wewe mwenyewe bila haraka unapata bei ya maana, wakibeba wao kitaenda kwa bei ya kutupa na deni bado litabaki. Kama upo kwenye upatu ongea na kijumbe (anayesimamia upatu) ubadilishane zamu na mtu ili upokee mapema, na ukipokea hiyo hela isilale nyumbani, peleka moja kwa moja kwenye deni. Usichukue mkopo wa pili kulipia wa kwanza, labda uwe wa saccos au kikoba chenye riba ya chini kweli na uufunge ule wa kwanza wote siku hiyohiyo, siyo kuupunguza.

Wengine kwenye orodha wasikimbiwe, wapewe taarifa. Mangi mwambie ukweli, "Mangi, 87,000 yako ipo kwenye daftari, kuanzia leo nanunua kwa keshi na kila Jumamosi nakupa 5,000." Atakubali, nakuhakikishia, Mangi anaogopa zaidi mteja anayehamia duka la mtaa wa pili. Mwenye nyumba mpelekee chochote tarehe ya kodi ikifika, hata 30,000, na usiache kupokea simu yake. Shangazi naye anataka kupigiwa, unamwamkia, unamwambia shangazi sijakusahau, naanza na wewe mwezi wa tatu. Kukaa kimya ndiko kunamuumiza mtu wa ukoo kuliko hiyo laki yenyewe.

Kwa mwalimu au mtumishi uliyeweka bondi kadi ya benki na namba ya siri: kubaliana na aliyekukopesha kwa maandishi kiasi cha kila mwezi, halafu nenda benki uifunge ile kadi uchukue mpya. Mtu mwingine kutoa mshahara wako kabla yako ni hatari, na ile kanuni kwamba makato yasikuache chini ya theluthi ya mshahara wa msingi haikusaidii kitu kama kadi anayo yeye.

Sasa matumizi

Kwa mwezi mmoja andikeni kila kitu, hata maandazi. Au chukueni orodha ya miamala kwenye simu muisome pamoja mwisho wa wiki. Vitu vitakavyojitokeza kwa kawaida ni kutoa hela kwa wakala mara nyingi kidogo kidogo na kukatwa kila mara (toa mara moja kwa wiki, kwingine lipa kwa lipa namba), bando la siku kila siku badala ya la mwezi, kubeti, na vocha ya kukopa. Kubeti kuacheni kabisa wakati deni lipo, mkeka mmoja wa 1,000 kila siku ni 30,000 kwa mwezi, ni karibu theluthi ya kodi ya mwezi kwa familia ya mfano wetu.

Kitu kinachoumiza zaidi na hakiandikwi ni kununua kwa kupima. Mafuta ya kupima, sukari robo, mkaa wa kopo, sabuni kipande. Muulize Mangi dumu la lita tano shilingi ngapi, halafu hesabu mnatumia vipimo vingapi mpaka kuisha lita tano, utaona tofauti. Tatizo huwezi kununua vyote kwa mkupuo, hela hiyo haipo. Kwa hiyo fanya kimoja kimoja: wiki hii weka pembeni hela ya dumu la mafuta tu, vingine endelea kupima. Dumu likiwepo, ile elfu ya mafuta ya kila siku usiile, iweke kwenye kopo, wiki mbili tatu inanunua sukari kilo tano, halafu mchele, halafu gunia la mkaa au kujaza gesi. Na funika dumu, mpe mmoja tu kazi ya kupima, maana vitu vikijaa ndani mkono wa kupika nao unakuwa mwepesi.

Michango ya harusi, send-off na kitchen party nayo isemwe wazi. Msiba siwezi kukwambia uuache, nenda na utoe ulichonacho, watu wanakumbuka aliyekuja. Ila kadi ya harusi ya mtu mliyekutana naye mara moja kazini hailingani na chakula cha watoto. Mjibu mapema mwenyekiti wa kamati, kwa heshima: "Kadi nimeipokea, hongereni sana, uwezo wangu safari hii ni elfu kumi na nitaileta Jumamosi, na kama mnahitaji mtu wa kusaidia kupanga viti nipo." Ukiahidi 50,000 kwa aibu umeshajiongezea mstari kwenye daftari. Kitenge cha sare hivyohivyo, vaa cha harusi iliyopita.

Watoto waambieni kidogo, wanaoelewa. Siyo kiasi, ila kwamba kwa miezi kadhaa hakuna chipsi za jioni na siyo kwa sababu wamekosa. Wanavumilia vizuri kuliko sisi wakijua.

Kausha damu ikiisha, ile 10,000 ya kila siku mmeshaizoea kuikosa, kwa hiyo msiirudishe jikoni yote. Gawa: 5,000 inaenda kwa Mangi na kodi mpaka ziishe, 3,000 kikoba, 2,000 iongezwe kwenye chakula maana mlikuwa mnajibana sana. Hela ya Januari ianze kuwekwa Septemba, sare na madaftari na michango ya shule huwa vinajulikana mapema na bado kila mwaka vinatupeleka kwa wakopeshaji. Na mama mwenye genge akitaka mtaji mwingine aulizie kwanza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, ambapo 4 ni ya wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Haina riba, ila wanakopeshwa zaidi watu waliojiunga kwenye vikundi vilivyosajiliwa, kwa hiyo utafuteni wenzenu mnaoaminiana na muanze kusajili sasa kabla hamjaihitaji.