Land Rover Series ya petroli ikikosa mafuta: kutafuta tatizo kabla ya kununua kipuri

Mfumo wa mafuta wa Land Rover Series IIA na III yenye injini ya petroli ya lita 2.25 una vitu vichache: tangi, bomba, pampu inayoendeshwa na kemshafti (mhimili wa injini wenye kemu, yaani vinundu vya kusukuma), na kabureta. Hata hivyo watu hununua kabureta mpya, kumbe hewa inapenya kwenye gasketi ya bei ndogo. Jua kwanza mafuta yanaishia wapi.

Injini ikizima ghafla, kama imezimwa kwa swichi, shuku umeme: platini (mwanya wake ni milimita 0.35 hadi 0.40), kondensa au koili. Ikikosa mafuta hukohoa, huishiwa nguvu mlimani, kisha hufa pole pole. Dalili hizi hazitoshi, maana koili iliyopata moto nayo huzimisha gari na kulirudisha likipoa. Kwa hiyo pima hapo hapo gari linapozima. Toa kiwiko cha hewa juu ya kabureta, chungulia ndani huku ukivuta akseli (kiongeza mwendo) kwa mkono. Ukiona mchirizi wa petroli, bakuli la kabureta lina mafuta. Rudi kwenye umeme. Pakiwa pakavu, endelea.

Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu na gari likawaka vizuri baada ya hapo, tundu la kupumulia limeziba. Lisafishe na kazi imeisha.

Bado? Pima mafuta yanayofika kwenye kabureta. Chomoa waya unaotoka swichi kwenda kwenye koili ili kusiwe na cheche, weka kizimamoto cha poda karibu, na usifanye kazi hii injini ikiwa ya moto. Fungua bomba kwenye kabureta, lielekeze kwenye chupa, mtu apige stata kwa sekunde kumi. Pampu hupiga mara moja kila injini inapozunguka mara mbili, na kila pigo litoe mchirizi mnene wa mafuta, wenye nguvu. Yakitoka na povu, hewa inaingia mahali. Yasipotoka kabisa, kuna kuziba au pampu imekufa.

Kama pampu yako ina mkono wa kupigia mafuta na unauona umelegea, usiihukumu bado. Huenda kemu imesimama ikiwa imeshikilia dayaframu (utando wa pampu unaovuta mafuta). Zungusha injini mzunguko mmoja kamili, kisha jaribu tena.

Sasa gawa mfumo katikati. Weka petroli safi kwenye dumu, liweke chini kuliko pampu, ingiza mpira wake kwenye mdomo wa kuvutia wa pampu. Dumu likikaa juu, mafuta yatashuka yenyewe na pampu mbovu itaonekana nzima. Gari likienda vizuri kwa dumu, tatizo liko kati ya tangi na pampu. Likiendelea kukata, liko kwenye pampu au kabureta.

Upande wa kuvuta ndio unaosumbua zaidi, kwa sababu ufa unaovuta hewa si lazima udondoshe mafuta. Utakagua chini ya gari usione hata tone. Funga kwa muda kipande cha mpira unaoonyesha ndani, karibu na pampu, mapovu yatakuonyesha. Kagua kipande cha mpira kwenye maungio: kikunje, na kikionyesha nyufa kibadilishe kwa mpira wa petroli ulioandikwa SAE J30R9, kwani petroli yenye ethanoli huharibu mipira ya zamani. Kisha bakuli la kioo la pampu. Gasketi yake ikiwa imekauka au kukunjika, hewa huingia hapo. Weka mpya, kaza kwa vidole tu. Ukitumia koleo utapasua kioo. Angalia pia kilichotulia ndani ya bakuli: maji hukaa chini kama shanga, kutu huwa chembe za kahawia. Kutu ikirudi kila baada ya kusafisha, toa tangi ulioshe.

Kuzibua bomba, lichomoe kwenye pampu, fungua kifuniko cha tangi na upulize kwa presha ndogo kuelekea tangi hadi usikie mafuta yakitoa mapovu. Usipulize kupitia pampu. Utaharibu vali zake.

Pampu yenyewe ikiwa mbovu, kabla ya kuwasha tena vuta kijiti cha oili ukinuse. Dayaframu iliyotoboka huweza kumwaga petroli kwenye oili ya injini. Oili ikinuka petroli au kiwango kikiwa kimepanda, imwage yote. Ukiweka pampu ya umeme badala yake, chagua yenye presha ya psi 1.5 hadi 2.5. Inayozidi sana hapo husukuma sindano ya kabureta na injini hufurika.

Kwenye kabureta ya Zenith 36IV, bakuli likiwa na mafuta lakini sailensa (mwendo wa injini bila kukanyaga akseli) haitulii na skrubu yake haibadilishi kitu, toa kifuniko cha juu. Oringi (pete ya mpira) iliyochakaa chini yake ni ugonjwa unaojulikana, na uso wa blokii ya kabureta hujipinda mtu akikaza skrubu kupita kiasi. Usawazishe kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo, safisha jeti (vitundu vya kupitisha mafuta) kwa hewa, usitumie waya.

Gari likikata kwenye joto tu, foleni au mlima mrefu, petroli inachemka bombani. Sogeza bomba mbali na ekzosi na urudishe kinga ya joto kama iliondolewa.

Ukimaliza, washa ukague kila kiungo, kisha panda mlima kwa akseli kamili kwa dakika nzima. Gari likikohoa mwishoni, mafuta bado hayatoshi. Rudi kwenye kipimo cha chupa.