Mito Mitatu ya Lodwar: Jinsi ya Kuujua Mji kwa Asubuhi Moja

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Lodwar, mji wa Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Kila mgeni wangu akishuka kwenye basi la Kitale anataka tupande kwanza kilimani penye sanamu ya Yesu. Namkatalia. Mji huu husomwa kuanzia chini.

Toka saa kumi na mbili asubuhi, maana ikifika saa nne jua halina utani. Beba maji lita mbili na uvae viatu vya soli nene; miiba ya mti wa mathenge hutoboa ndala kama karatasi (nilivaa ndala mara moja tu).

Nenda Turkwel. Simama chini ya mikoma uyatazame maji: yametoka Mlima Elgon, ambako mto huu huitwa Suam, yamepita bwawani, na yanaelekea Ziwa Turkana. Mvua ya Lodwar kwa mwaka mzima ni kama milimita 200. Mawingu yetu hayatoshi hata mbuzi. Anayetulisha ni Turkwel. Vikapu utakavyoviona sokoni navyo vimesukwa kwa majani ya mikoma kama hii.

Sasa tafuta Kawalase. Unaweza kuuvuka usijue ni mto, kwa kuwa ni laga, mchanga mtupu siku nyingi. Usikae katikati kupiga picha. Mvua ikinyesha mbali, maji hushuka hapa huku juu kweupe kabisa. Ukiona watu wanaswaga mbuzi mbiombio, panda ukingoni kwanza, maswali baadaye.

Mji umekaa baina ya hiyo miwili. Mfanyabiashara Shah Mohamed alifika ukingoni mwa Turkwel mwaka 1933, na biashara ikavuta watu. Wakoloni walipapendea umbali wake: mwaka 1959 walimtoa Jomo Kenyatta jela ya Lokitaung wakamweka hapa, hadi 1961 alipopelekwa Maralal. Ukitaka zaidi ya hapo, tafuta mzee kivulini, msalimie “Ejoka”, ungoje akuelekeze pa kukaa. Yeye atakuwa kwenye ekicholong, kigoda cha mti ambacho usiku hugeuka mto wa kichwa. Huo ndio mto wa tatu, na wanafunzi wangu hukosa alama kwa kuuandika kwenye mtihani.

Haya, sasa kilimani. Kutoka juu utaona ukanda mnene wa kijani na mwingine uliokatikakatika. Huhitaji tena kuniuliza upi ni upi.