Krosi isiyo na nipeli nayo inataka jicho

Krosi ni kiungo chenye umbo la msalaba kwenye propela, ule mhimili mrefu wa uvunguni unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Fundi akikwambia krosi yako ni ya kuzibwa kiwandani, haina matunzo, mwamini nusu. Ni kweli haina nipeli, kile kichuchu cha kupigia grisi. Grisi yake imetoka nayo kiwandani na itabaki humo mpaka siku ya kung'olewa. Na kwa kuwa msalaba wake haukutobolewa njia ya grisi, chuma chake ni imara zaidi, ndiyo maana naipenda kwa gari la mawe na makorongo. Ila grisi yenyewe ni kiduchu, na adui yake mkubwa ni maji.

Umeendesha saa nzima, krosi imepata moto, kisha unaitumbukiza mtoni. Hewa ndani ya vikombe vinne vinavyofunika miguu ya msalaba inasinyaa ghafla na kuvuta maji kupitia kwenye sili, raba inayoziba mdomo wa kikombe. Kwa hiyo nikifika mtoni nasimama kwanza. Nakagua kina, naacha gari lipoe robo saa. Kwa sababu hiyohiyo simruhusu muosha gari kuelekeza maji ya presha kwenye krosi.

Ukaguzi naufanya kila kilomita 5,000, na kila baada ya kuvuka maji. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu yazuiwe kwa mawe mbele na nyuma, ufunguo uwe mfukoni mwako, gia iwe nyutro. Baadhi ya magari hendibreki hushika propela yenyewe; kama lako ni hivyo iachie, na hapo mawe ndiyo yanayolinda uhai wako.

Weka kidole pale kikombe kinapokutana na sikio la propela, yaani tundu la chuma linaloshika kikombe, kisha mkono mwingine uzungushe propela huku na huku. Itacheza kidogo, usishtuke: huo ni mchezo wa meno ya difu, gia za kwenye ekseli, na vyote vinakwenda pamoja. Kidole kikihisi kikombe kinakwenda peke yake, hata kwa unywele, krosi imekwisha. Inyanyue pia propela juu na chini. Halafu tazama mdomo wa kikombe: vumbi jekundu kama la tofali ni kutu, yaani maji yameshaingia. Mlio wa ndege gari likitambaa, au "ngo!" ukitoka rivasi kwenda mbele, ni dalili za kuchelewa.

Niliwahi kupenyeza grisi kwa sindano kupitia sili. Mlio ulinyamaza wiki chache, ukarudi. Nilipoifungua, sili ilikuwa na tundu, na pini za beringi zilikuwa zimechimba mistari kwenye mguu wa msalaba, ukipitisha ukucha unakwama. Hakuna grisi inayojaza mitaro ya chuma. Usifanye hivyo, badilisha krosi.

Kabla ya kufungua, piga alama kwenye flenji (sahani ya chuma inayofungwa boliti) na kwenye propela, na pale vipande viwili vya propela vinapochomekana, ili masikio ya pande zote mbili yarudi kwenye mstari mmoja. Ukikosea hapo, gari litatetemeka hata krosi ikiwa mpya. Unapoingiza vikombe kwa jiliwa, hakikisha pini zote zimesimama. Moja ikianguka chini, kikombe hakifiki mwisho na kipete cha kukizuia hakiingii kwenye mfereji wake. Usilazimishe kwa nyundo, toa uanze upya. Ukimaliza, gonga masikio taratibu, kisha ichezeshe kwa mkono: iende pande zote bila kukwama.

Pale propela inapochomekana mara nyingi pana nipeli, nayo ndiyo inayosahaulika. Pampu chache zinatosha. Na kwenye ekseli za mbele, fumbua mikunjo ya buti za raba, zile zinazofunika joint (kiungo cha ekseli) na grisi yake, uangalie mipasuko ndani kabisa. Ukiiwahi, buti mpya na grisi mpya vinaokoa joint nzima.

Boliti nikishazikaza kwa kipimo cha kitabu cha gari, napaka mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye flenji. Baada ya kilomita 100 naingia tena uvunguni na tochi, kuona kama kuna mstari uliokatika.